Sindano ya epidurali na hofu ya kupasuliwa: tulizungumze kwa ushahidi

Mkunga wa Chake (mwanzishaji wa uzi)

Assalamu alaykum, ndugu zangu.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kliniki, arusini na hata matangani, kwamba mwanamke akikubali kuchomwa sindano ya mgongo ili apunguziwe uchungu, basi ajihesabu amekwisha kupasuliwa. Wanaotishwa zaidi ni wajawazito wenye uwezo wa kwenda kujifungulia hospitali binafsi za Unguja na Dar es Salaam, au walioolewa Muscat, ambako wanaweza kuipata huduma hiyo. Katika wodi nyingi za wazazi visiwani mwetu bado si huduma ya kila siku, na ndiyo maana naona tuizungumze mapema, kabla uvumi haujageuka kuwa ndiyo elimu.

Mimi ni mkunga, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeimaliza nikizalisha Pemba. Msimamo wangu nautanguliza ili asiyekubaliana nami ajue pa kunishika: sindano yenyewe haimpeleki mzazi kwenye kisu. Kinachompeleka ni namna uchungu wake unavyosimamiwa baada ya kuchomwa, na hasa kuwepo au kutokuwepo kwa mtu anayejua kumsaidia mtoto atoke kwa njia ya kawaida pale mama anaposhindwa kusukuma.

Kwanza tuelewane tunazungumzia sindano gani. Mzazi aliyeshikwa na uchungu huketishwa ukingoni mwa kitanda, miguu ikakanyaga kigoda, akakumbatia mto na kuinamisha kichwa ili mgongo upinde. Mtaalamu wa usingizi huipapasa mifupa ya kiuno kwa vidole hadi alipate pengo linalomfaa, huitia ngozi ganzi, kisha huingiza sindano taratibu mpaka ifike katika nafasi ndogo iliyo nje ya utando unaouzunguka uti wa mgongo. Humo hupitisha mpira mwembamba, akaitoa sindano na kuubandika mpira ule kwa plasta kutoka kiunoni hadi begani. Dawa hupitishwa humo kidogo kidogo kwa saa zote za uchungu, nayo huchukua robo saa hadi dakika 20 kumtuliza mzazi. Hiyo ndiyo epidurali. Sindano wanayochomwa wanawake wetu wanapokwenda kufanyiwa operesheni ni nyingine: huchomwa mara moja, hupenya utando wenyewe na kuingia katika maji ya uti wa mgongo, na ndani ya dakika chache mwili kuanzia kifuani kwenda chini unakuwa umekufa ganzi. Kwa kuwa wengi wetu hatujaona ila hii ya pili, kila tunayemjua aliyechomwa mgongoni alipasuliwa, na hapo ndipo hofu ilipoota mizizi. Wale walichomwa kwa sababu walikuwa wanakwenda kupasuliwa. Hawakupasuliwa kwa sababu walichomwa.

Hata hivyo, nisingependa mtu adhani kwamba hofu hii ni ya wasiosoma. Madaktari wenyewe waliishikilia kwa miaka. Mwaka 1993 Thorp na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 93 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza, waliogawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa epidurali na jingine dawa ya maumivu iitwayo pethidini. Katika kundi la epidurali asilimia 25 walipasuliwa, na katika kundi jingine asilimia 2.2, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu ya tofauti hiyo. Ukizisoma tarakimu hizo peke yake, utamkataza binti yako. Lakini wanawake 93 ni wachache mno, kiasi kwamba wazazi watano tu wakiangukia upande huu au ule hesabu nzima hubadilika, na tena waliokuwa wakiamua nani apasuliwe walikuwa wakijua nani kachomwa na nani hakuchomwa. Daktari anayeamini kwamba sindano inakwamisha uzazi atakuwa mwepesi wa kusema kwamba uzazi umekwama.

Swali hilo likarudiwa, na kurudiwa kwa watu wengi zaidi. Katika hospitali ya Parkland, mjini Dallas, yalifanyika majaribio matano. Sharma na wenzake walipozikusanya takwimu zake mwaka 2004 walikuwa na wanawake 2,703, wote uzazi wao wa kwanza: waliopasuliwa katika kundi la epidurali walikuwa asilimia 10.5, na katika kundi la wale waliopewa pethidini kwa mshipa asilimia 10.3. Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 40 yenye wanawake zaidi ya 11,000 kutoka nchi mbalimbali, na hayakuona kwamba epidurali inaongeza upasuaji. Yaliyoonekana ni mambo mengine, nayo si ya kufichwa: hatua ya kufunguka kwa njia ilirefuka kwa karibu nusu saa, hatua ya kusukuma ikarefuka kwa karibu robo saa, waliohitaji dripu ya kuongeza uchungu waliongezeka, na wale ambao watoto wao walitolewa kwa vakyumu (kikombe kinachonata kichwani mwa mtoto ili avutwe) au koleo waliongezeka pia, ingawa hilo la mwisho halikuonekana tena katika tafiti zilizofanyika baada ya 2005.

Upo ushahidi wa namna nyingine ambao mimi unanishawishi zaidi, kwa kuwa haukutegemea wanawake waliokubali kuingia katika jaribio. Katika hospitali ya kijeshi ya Tripler, huko Hawaii, epidurali ilikuwa ikitolewa kwa mzazi mmoja tu katika mia, tena pengine asifike. Mwaka 1993 serikali iliamuru ipewe kila anayeiomba, na kwa muda mfupi waliochomwa wakafika karibu asilimia 80. Wazazi walikuwa wale wale, wake za wanajeshi na wanajeshi wenyewe, na madaktari hawakubadilika kwa kiasi cha kuelezea jambo. Kama sindano ingekuwa inaleta upasuaji, chumba cha operesheni kingefurika. Idadi ya waliopasuliwa haikupanda.

Nawakaribisha kuuliza na kupinga.

Baba Salma

Waalaykumu salaam, Bi Mkunga. Nimekusoma kwa heshima zote, lakini nami nina ushahidi wa nyumbani. Shemeji yangu aliyeko Muscat alichomwa epidurali akiwa amefunguka sentimita 3 tu, akakaa na uchungu kutwa kucha, na mwisho akapasuliwa. Wa chumba cha pili hakuchomwa, naye alizaa kabla ya adhuhuri. Jamaa zetu waliokuwepo wameyaona kwa macho yao. Nitawaambiaje kwamba hakuna uhusiano?

Mkunga wa Chake

Baba Salma, sisemi kwamba hawakuona walichokiona. Ninachosema ni kwamba kati ya wanawake wawili hao huenda tofauti ilikuwepo kabla ya sindano kufunguliwa. Mtoto anaweza kuwa ametanguliza kichwa vizuri, lakini kisogo chake kikawa kimeelekea uti wa mgongo wa mama na uso ukatazama mbele. Hapo mama huumwa na kiuno pasi na mapumziko, na njia hufunguka kwa kusuasua. Mwanamke wa namna hiyo ndiye atakayelilia sindano akiwa na sentimita 3, na huyo huyo ndiye ambaye hata angeachwa bila dawa yoyote angekuwa karibu zaidi na chumba cha upasuaji. Yule ambaye uchungu wake unakwenda mbio hapati hata wasaa wa kuiomba. Kwa hiyo ukiwahesabu wazazi wodini bila ya kuwagawa kwa bahati nasibu, utakuta kweli kwamba waliochomwa wamepasuliwa zaidi, na hesabu yako itakuwa sahihi huku hukumu yako ikiwa imekwenda kombo.

Kuhusu hizo sentimita 3, zamani wazazi waliambiwa wangoje mpaka wafike 4 au 5 ndipo wachomwe, kwa kuogopa hicho hicho unachokiogopa. Mwaka 2005 Wong na wenzake wa Chicago waliwagawanya wanawake 750 wa uzazi wa kwanza, baadhi wakapewa dawa ya maumivu kupitia mgongo mapema, kabla ya sentimita 4, na wengine wakacheleweshwa. Waliopasuliwa walikuwa asilimia 17.8 kwa waliowahishwa na asilimia 20.7 kwa waliocheleweshwa, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito, na waliowahishwa walijifungua mapema kidogo. Kumwacha mwanamke alie hadi afike sentimita fulani ndipo apewe dawa hakumpunguzii chochote katika hatari ya kupasuliwa.

Afisa Usingizi

Naomba kuongeza jambo linalotoka kwenye kazi yangu, kwa sababu watu husema epidurali kama kwamba tangu izaliwe ni moja. Hapo awali dawa ya ganzi ya bupivakeini ilitiwa kwa nguvu kubwa, asilimia 0.25, na mzazi alikuwa haumwi lakini pia miguu haiinui na hamu ya kusukuma haioni. Siku hizi tumefundishwa kuizimua hadi asilimia 0.1 au chini yake na kuichanganya na dawa ya maumivu ya fentanili kidogo, ili maumivu yapungue na misuli ibaki na nguvu zake. Tofauti hiyo ilipimwa Uingereza katika jaribio lililoitwa COMET, lililochapishwa mwaka 2001 likiwa na wanawake 1,054. Kwa dawa nzito ya zamani, waliozaa wenyewe bila ya upasuaji wala kuvutwa mtoto walikuwa asilimia 35. Kwa dawa nyepesi walifika asilimia 43. Kwa hiyo mtu anayesimulia yaliyomkuta mama yake ughaibuni miaka ya themanini anasimulia dawa nyingine.

Ila niseme wazi kwamba kazi hii haimaliziki kwa kuubandika mpira. Baada ya kila dozi kubwa presha inatakiwa ipimwe kila baada ya dakika 5 kwa muda wa robo saa au zaidi, kwa sababu ganzi huilegeza mishipa, presha ikashuka, na mtoto akapungukiwa na damu inayomfikia. Mshipa wa dripu uwe umekwisha kufunguliwa, dawa ya kuipandisha presha iwe imekwisha kuvutwa kwenye bomba la sindano, na mapigo ya moyo wa mtoto yawe yanasikilizwa. Presha ikishuka na hakuna anayeiona, mapigo ya mtoto yataharibika, na hapo daktari atampasua mama kwa haki kabisa. Watu watasema ni sindano iliyompasulisha.

Ummu Suhaila

Shikamoo Bi Mkunga, na salamu kwa wote. Mimi ndiyo kwanza nina mimba yangu ya kwanza, na mume wangu ameshaniambia kwamba uamuzi ni wangu. Nina mambo matatu yanayonitatiza. Nimeambiwa nitaumwa na mgongo maisha yangu yote. Nimeambiwa mtoto atazaliwa amelewa dawa. Na mamkwe wangu anaona kwamba uchungu una thawabu zake, na kuukimbia ni kuzikimbia thawabu hizo.

Mkunga wa Chake

Marahaba, mwanangu, Mwenyezi Mungu akujaalie ushushe salama.

La mgongo limeangaliwa sana. Mapitio yale ya Cochrane hayakuona kwamba waliochomwa epidurali wanaumwa na mgongo kwa muda mrefu kuliko wasiochomwa. Pale palipochomwa patakuwa na maumivu kwa siku chache, na mimba yenyewe na kunyonyesha kwa kuinama huumiza migongo ya wanawake wengi ambao hawajawahi kuiona sindano hiyo. Kinachotokea kwa kweli, kwa kiasi cha mzazi mmoja katika mia, ni kuumwa na kichwa kikali unapoketi au kusimama, nacho hutokana na sindano kuupenya utando bila kukusudiwa. Kinatibika, lakini lazima uwaambie na usikae nacho nyumbani.

La mtoto pia limepimwa, kwa alama za Apgar za hali ya mtoto, zinazotolewa katika dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa, na hakuna tofauti iliyoonekana. (Virginia Apgar aliyezibuni alama hizo alikuwa mwenyewe mtaalamu wa usingizi, aliyekuwa akitazama dawa za wazazi zinawafanyia nini watoto.) Anayeweza kuzaliwa amelegea ni mtoto ambaye mama yake kachomwa pethidini saa chache kabla ya kuzaa, kwa sababu dawa hiyo huingia katika damu ya mama na kuvuka kondo. Epidurali inaweza kumpandisha mama homa, na homa hiyo huwafanya madaktari wamchunguze mtoto wakihofu maambukizi; hilo ulijue kabla, ili usishtuke.

La mamkwe wako mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa. Ninachokumbuka ni kwamba katika Surat Maryam uchungu ulimpeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende hadi akatamani lau angekuwa amekufa kabla ya hayo, na alichojibiwa ni kuonyeshwa maji chini yake na tende mbivu. Hakulaumiwa kwa kuumwa. Zungumza na mwanachuoni unayemwamini, kwa upole, na mamkwe wako akiwepo.

Maalim wa Wete

Nashukuru kwa maelezo, lakini mimi kama mwalimu wa hesabu nina pingamizi moja, na naona ndilo kubwa kuliko yote yaliyotajwa. Dallas, Chicago na Hawaii ni mahali ambapo kila mzazi ana muuguzi wake, mashine ya kusikiliza mapigo ya mtoto imefungwa tumboni mwake, na daktari yuko mlango wa pili. Matokeo yaliyopatikana katika hali hizo hayawezi kuhamishwa mpaka Pemba kama yalivyo. Ni haki gani tuliyonayo ya kuwaambia watu wetu kwamba sindano hii haiongezi upasuaji, wakati hakuna aliyeipima hapa kwetu?

Mkunga wa Chake

Maalim, umefika mahali ambapo nilitaka tufike, na nitakujibu kwa urefu.

Rudi kwenye matokeo yale uyatazame tena. Hayasemi kwamba epidurali haina athari kwa uzazi. Yanasema kwamba hatua ya kusukuma inarefuka, kwamba dripu ya kuongeza uchungu inahitajika zaidi, na kwamba katika tafiti za zamani hasa, watoto waliovutwa kwa vakyumu au koleo waliongezeka. Maana yake ni kwamba pale ambapo mama alichoka au hakuhisi vizuri pa kusukumia, palikuwepo mtu aliyemngojea, au aliyemrekebishia dripu, au aliyebandika kikombe cha vakyumu kwenye kichwa cha mtoto na kumvuta pamoja na uchungu unaofuata. Ugumu ulikuwepo, ila uliishia kwenye njia ya kawaida. Sasa ondoa mambo hayo matatu. Chukua wodi ambayo vakyumu imo kabatini lakini mpira wake umepasuka, au ni nzima na hakuna aliyefundishwa kuitumia, au aliyefundishwa hayupo zamu ya usiku. Ugumu ule ule hautakuwa na pa kwenda isipokuwa chumba cha upasuaji. Katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, uzazi wa kusaidiwa kwa vakyumu umekuwa nadra sana, na kwa sababu hiyo mimi sitamwambia mtu kwamba tarakimu za Dallas ni dhamana ya Pemba. Nitamwambia kwamba tarakimu hizo zimetuonyesha sindano si mkosaji, na zimetuonyesha pia ni kitu gani kinatakiwa kiwepo ili isigeuke kuwa mkosaji.

Dripu nayo ina mambo yake. Oksitosini, dawa iliyomo katika dripu hiyo, inayohesabiwa kwa matone huku mkunga mmoja akiwahudumia wazazi kadhaa kwa wakati mmoja inaweza kukimbia bila kuonekana. Tumbo likakaza pasi na kulegea, mtoto akakosa pumzi, na upasuaji ukawa hauna budi. Epidurali ikiongeza haja ya dripu, basi inaongeza haja ya macho ya mtu kwenye dripu hiyo.

Liko jambo ambalo lilipimwa hapa hapa Zanzibar, nalo linanipa matumaini. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, wakunga na madaktari walishirikiana na watafiti kutoka Denmark katika kazi iliyoitwa PartoMa. Walitengeneza kijitabu kidogo cha mfukoni cha miongozo ya kumsimamia mzazi, kilichoandikwa kwa kuzingatia uchache wa watumishi uliopo na si uwingi unaotamaniwa, kisha wakawa wanakutana mara kwa mara kujifunza namna ya kukitumia. Watoto waliozaliwa wamekufa walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Hakukujengwa jengo wala hakukuletwa mashine ya ajabu. Usimamizi wa uchungu ulibadilika, na huo ndio huo huo unaoamua kama mzazi mwenye epidurali atazaa mwenyewe au atapasuliwa.

Tena tusisahau kwamba wanawake wengi hupasuliwa bila ya kuchomwa epidurali yoyote, kwa sababu tu ya kuhukumiwa mapema kwamba hawaendelei. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchungu wenyewe huhesabiwa kuanzia sentimita 5, na kwamba kufunguka kwa sentimita 1 kila saa, kanuni tuliyosomeshwa sote wakunga na kuichora kwenye patografu (chati ya maendeleo ya uchungu), ni kasi ambayo baadhi ya wanawake hawaifikii na bado wakazaa salama. Kwa hiyo kutoifikia kasi hiyo peke yake kusiwe sababu ya kumwingilia mtu. Kwa mwenye uzazi wa kwanza hatua ya kusukuma inaweza kufika saa 3, maadamu mama na mtoto wako salama na wanaangaliwa. Mwanamke aliyepokelewa akiwa na sentimita 2 akalazwa na kuanza kuhesabiwa saa amekwisha kuwekwa njiani kuelekea upasuaji kabla hajaumwa sawasawa.

Nalipigania hili la uzazi wa kwanza kwa sababu ya familia zetu. Pemba si ajabu mwanamke kuzaa watoto sita au saba. Akipasuliwa katika wa kwanza, kila mimba inayofuata inabeba kovu: kondo linaweza kujishikiza juu ya kovu na kukataa kutoka, na uchungu wa mbele unahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji kilicho tayari, kwa kuwa kizazi kinaweza kupasuka, kwa kiasi cha mzazi mmoja katika 200 wanaojaribu kuzaa kwa kawaida baada ya operesheni moja. Mzazi anayeishi kijiji cha mbali Micheweni anaibeba hatari hiyo kwa uzito usiolingana na wa yule aliyeko Dallas.

Maalim wa Wete

Nimekuelewa, na pingamizi langu limebadilika umbo. Basi lisemwe hivi: haijathibitika kwamba sindano inaongeza upasuaji, lakini katika wodi isiyo na wasimamizi wa kutosha, kuianzisha kabla ya kuwafundisha watu vakyumu kutakuwa ni kuanza kujenga kwa paa.

Mkunga wa Chake

Hivyo ndivyo ningeliliandika mwenyewe, Maalim.

Bibi wa Mkoani

Salamu zenu wanangu. Mimi nimezaa tisa, wote kwa njia yao, na sikuchomwa sindano yoyote. Sisemi ili mwingine asichomwe. Nasema kwamba sikuzaa peke yangu hata mara moja. Somo yangu alikuwepo, ananikanda kiuno, ananipa uji, ananishika mkono. Sasa nawapeleka wajukuu hospitali naambiwa nibaki nje ya mlango, na mtoto wa miaka kumi na tisa analala ndani na uchungu wake bila hata sura moja anayoijua. Hilo nalo mlijadili.

Mkunga wa Chake

Bibi, umelisema vizuri kuliko mimi. Na usidhani kwamba ni mambo ya zamani tu: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yenye majaribio 26 na wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba mzazi anayekaa na mtu wa kumliwaza tangu mwanzo hadi mwisho hupungukiwa na uwezekano wa kupasuliwa kwa karibu robo. Epidurali haiongezi upasuaji wala haiupunguzi. Mkono wa somo yako unaupunguza. Shirika la Afya Duniani linausia kila mzazi awe na mwenzake anayemchagua. Kinachotuzuia katika baadhi ya wodi ni kwamba vitanda vimebanana na hakuna pazia, na aibu ya mzazi mmoja inakuwa ya wote. Mapazia yanaweza kushonwa na fundi yeyote wa mtaani, na mimi nitaendelea kuyadai katika kila kikao nitakachoitwa.

Wala mtu asichague kati ya mambo haya mawili. Aliyechomwa sindano anamhitaji mwenzake vilevile, pengine zaidi pale anapoambiwa asukume na yeye hahisi pa kusukumia.

Ummu Suhaila

Bi Mkunga, basi mimi nimeamua kwamba nitaiomba, nikiipata. Niwaulize nini hospitali kabla sijajiandikisha?

Mkunga wa Chake

Waulize kama mtaalamu wa usingizi hulala hapo hapo au huitwa kutoka nyumbani, na akiitwa huchukua muda gani kufika. Uliza nani hutumia vakyumu saa nane za usiku. Wakikujibu kwamba daktari akija asubuhi ataangalia, umeshapata jibu lako. Uliza mkunga mmoja husimamia wazazi wangapi, na kama ukishachomwa atakuwepo wa kukupima presha. Uliza kama mama yako au mwenzako yeyote ataruhusiwa kuingia. Na ukifika wakati wa kusukuma waombe wakulaze ubavu: katika jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017, lenye wanawake zaidi ya 3,000 wa uzazi wa kwanza waliokuwa na epidurali nyepesi, waliolala ubavu walizaa wenyewe kwa asilimia 41, na waliokaa wima kwa asilimia 35. Jambo hilo halina gharama yoyote.

Usiende mapema mno. Uchungu ukianza, tembea, kula kitu chepesi, oga maji ya uvuguvugu, na maadamu mtoto anacheza, chupa haijapasuka na hakuna damu, ngoja uchungu ukaze na ukaribiane. Anayetoka Pemba kwenda kujifungulia Unguja, hilo la kungoja nyumbani halimhusu. Huyo avuke wiki kadhaa kabla, akakae kwa jamaa karibu na hospitali.

Afisa Usingizi

Dada Ummu Suhaila, mimi naongeza la upande wangu. Nenda ukaonane na mtaalamu wa usingizi ukiwa kliniki, kabla ya uchungu, ili maelezo uyasikie na karatasi ya ridhaa uisome ukiwa na akili iliyotulia. Mwambie kama umewahi kufanyiwa operesheni ya mgongo, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kama presha yako imepanda katika mimba hii, kwa sababu kifafa cha mimba kinapokaribia hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu, na mwenye chembe chache tunaweza kumnyima sindano kwa usalama wake. Kadi ya kliniki uje nayo ikiwa na majibu ya damu yaliyopimwa karibuni, maana nikiitwa usiku, hesabu hiyo ya chembe sahani ndiyo nitakayoiangalia kabla sijafungua kifurushi cha sindano.